Sherehe ya Familia na Suala la Asiyekuwepo: Uhakiki wa Vitabu vya Sura Fupi kwa Wasomaji Wanaoanza kwa Kuzingatia Ukanda wa Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna sherehe ya familia inavyosukwa katika vitabu vya sura fupi vilivyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wanaoanza, na yanapima msuko huo kwa kuzingatia mazingira ya mtoto wa Shinyanga na wa ukanda wa dhahabu wa Geita. Hoja ya msingi ni kwamba utanzu huu, tangu mwanzo wake, umejengwa juu ya ahadi moja: kwamba asiyekuwepo atafika kabla sherehe haijaisha. Ahadi hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ya kawaida katika ukanda ambao kazi huwaondoa wazazi nyumbani na ambao harusi yenyewe huweza kuwa sababu ya mtoto kutoonekana tena darasani. Makala yanapendekeza kwamba ubora wa vitabu hivi usipimwe kwa wingi wa vyakula, mavazi na ngoma za asili pekee, bali kwa namna vinavyojibu maswali matatu: nani hayupo, nani anaandaa, na nani anaondoka baada ya sherehe.

1.0 Utangulizi

Kitabu cha sura fupi ni hatua ya katikati. Kinamfaa mtoto aliyekwisha kumudu silabi na sentensi fupi, lakini ambaye bado hawezi kubeba riwaya ya watoto. Kwa kawaida huwa na sura chache, kila sura ikiwa na tukio moja linalojitosheleza, picha zinazosaidia kukisia maana, na msamiati unaorudiwarudiwa. Kinachomvusha mtoto kutoka sura moja hadi nyingine ni swali dogo ambalo sura iliyotangulia imeliacha wazi.

Sherehe ya familia inaingia vizuri katika umbo hili. Ina siku maalumu inayosubiriwa, maandalizi yanayoweza kugawanywa katika sura, wageni wanaofika mmoja baada ya mwingine, na mwisho unaojulikana. Ndiyo maana inajitokeza mapema katika historia ya utanzu. Kitabu cha Little Bear cha Else Holmelund Minarik, kilichochorwa na Maurice Sendak na kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1957, ndicho kilichofungua mfululizo mashuhuri wa vitabu vya wasomaji wanaoanza. Kina hadithi nne, na mojawapo inahusu siku ya kuzaliwa. Dubu mdogo haoni keki wala hamwoni mama yake, na rafiki zake wako njiani. Anaamua kupika supu ya mboga mwenyewe. Wageni wanafika, supu inaliwa, kisha mama anatokea na keki na kumhakikishia mwanawe kwamba hajasahau.

Msuko huu mdogo umeacha alama kubwa. Unaanza na hofu ya kusahauliwa, unampa mtoto kazi ya mikono, kisha unaiondoa hofu kwa kumleta aliyekosekana. Kwa mtoto anayesoma, sherehe inakuwa uthibitisho kwamba watu wake wote wapo. Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: je, msuko huo unapofika mikononi mwa mtoto wa Kahama, Kishapu, Mbogwe au Geita, bado unasema kweli?

2.0 Muktadha wa Ukanda

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kwa hiyo mpaka wa kiutawala kati ya Shinyanga na Geita ni mpya, wakati maisha ya familia yanauvuka siku zote. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001 na wa Buzwagi mwaka 2009. Pembeni mwa migodi hiyo kuna wachimbaji wadogo katika maeneo kama Nyarugusu, Mgusu na Kakola, ambako kazi hufuata habari za dhahabu. Duara likitoa mawe mazuri watu hujaa. Likikauka, huhamia kwingine. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 kuhusu ajira ya watoto katika migodi midogo ya dhahabu nchini Tanzania ilihusisha Geita na Kahama pamoja na Chunya, na ilieleza kuwa watoto walikuwa wakifanya kazi mashimoni, kwenye kuponda mawe na kwenye matumizi ya zebaki.

Kwa upande wa lugha, watoto wengi wa ukanda huu hukua wakizungumza Kisukuma nyumbani, na hukutana na Kiswahili cha maandishi wanapoingia shuleni. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK, ulioanza kutumika mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, uliweka mkazo katika stadi za msingi. Stadi hizo zikishapatikana, mtoto anahitaji kitu cha kusoma. Hapo ndipo vitabu vya sura fupi vinapohitajika, na ndipo vinapopungua. Tangu mwaka 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umewasaidia wachapishaji kutoa vitabu vya Kiswahili na kuvifikisha shuleni. Aidha, mkusanyiko huria wa African Storybook, wenye makao yake Afrika Kusini, umewezesha hadithi nyingi za watoto kusomeka kwa Kiswahili bila malipo. Hadithi hizo nyingi ni za picha na si za sura, lakini zinagusa jambo lile lile na zinamfikia msomaji yule yule. Kwa sababu hiyo zinahusishwa katika uchambuzi huu.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Mwaka 1990, Rudine Sims Bishop alipendekeza kwamba vitabu vya watoto vitazamwe kama vioo ambamo mtoto hujiona, madirisha yanayomwonesha maisha ya wengine, na milango ya kioo inayomruhusu kuingia humo. Sitiari hiyo imekuwa na manufaa makubwa, hasa kwa jamii ambazo watoto wake hawakuwa wakijiona vitabuni kabisa.

Hata hivyo, kioo kina udhaifu katika suala la sherehe. Ni rahisi kumwekea mtoto wa Shinyanga kioo kwa kubadili vitu tu: keki iondolewe, uwekwe wali na nyama, puto liondolewe, iwekwe ngoma, jina la kigeni liondolewe, liwekwe Mabula. Msuko unabaki ule ule, na ahadi yake inabaki ile ile. Uhakiki unaoishia kwenye vitu utakipongeza kitabu kama hicho kwa uhalisia wake wa kiutamaduni, ilhali mtoto ambaye baba yake hajarudi tangu msimu wa mvua atakisoma kama hadithi ya nyumba ya watu wengine. Kwa hiyo makala haya yanahamisha jicho kutoka kwenye vitu kwenda kwenye mahusiano, kwa kutumia maswali matatu yaliyotajwa katika ikisiri.

4.0 Uchambuzi

4.1 Nani Hayupo?

Katika Anna Hibiscus, kitabu cha sura cha mwandishi mzaliwa wa Nigeria, Atinuke, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007, Anna anaishi katika nyumba kubwa nyeupe pamoja na babu, bibi, shangazi, wajomba na binamu, na ana wadogo zake wawili mapacha. Sura mojawapo inahusu kurudi kwa shangazi aishiye Marekani. Familia inajiandaa kwa shangwe, lakini wazee wana wasiwasi: je, bado anajua desturi za nyumbani? Shangazi anafika na wasiwasi unaondoka. Atinuke ameongeza jambo ambalo Minarik hakulihitaji. Aliyekuwa mbali anaweza kufika akiwa amebadilika, na furaha ya kumpokea ina mtihani ndani yake. Pamoja na hayo, ahadi ya msingi haijaguswa, kwa kuwa shangazi amefika, na amefika akiwa yule yule.

Hadithi ya Simbegwire ya Rukia Nantale, inayopatikana kwa Kiswahili katika African Storybook, inakwenda mbali zaidi. Mama wa Simbegwire amefariki. Baba anaoa mke mwingine, Anita, kisha anaondoka kwa muda kwa ajili ya kazi. Akiwa hayupo, kazi za nyumbani zinamlemea mtoto na mama wa kambo anakuwa mkali, hadi mtoto anakimbia na kuokolewa na shangazi yake. Baba anaporudi na kumfuata, mwandishi anafanya uamuzi wa kisanaa unaostahili kuangaliwa kwa makini: mtoto anamwona baba kwa mbali na, badala ya kumkimbilia, anajificha. Kufika kwa baba hakumalizi kisa. Wanakubaliana kwamba mtoto abaki kwa shangazi kwa muda anaoutaka. Baba anamtembelea kila siku, na hatimaye Anita anakuja kuomba msamaha. Karamu inafuata baadaye, Anita akiwaalika Simbegwire, shangazi na binamu na kupika vyakula anavyovipenda mtoto huyo. Baada ya karamu ndipo Simbegwire mwenyewe anaamua kwamba atarudi nyumbani hivi karibuni.

Hapa karamu haina kazi ya kufuta kutokuwepo kwa mtu. Inatokea baada ya mazungumzo, na inamwachia mtoto uamuzi. Kwa ukanda wa Geita tofauti hiyo ni ya msingi. Baba aliyekwenda machimboni anaweza kurudi na fedha, anaweza kurudi mikono mitupu, na anaweza kukuta mtoto amezoea kuishi bila yeye. Kitabu kinachomfundisha mtoto kwamba kufika kwa baba ndiko kunakofanya sherehe iwe sherehe kinamwambia, bila kukusudia, kwamba sherehe yao iliyofanyika bila baba haikuwa kamili. Hadithi ya Simbegwire haisemi hivyo. Upungufu wake ni kwamba kazi ya baba haina jina wala mahali, kwa hiyo msomaji haoni ni nguvu gani iliyomwondoa nyumbani, na lawama yote inamwangukia mama wa kambo. Mwandishi wa ukanda huu ana nafasi ya kuitaja kazi hiyo waziwazi.

4.2 Nani Anaandaa?

Swali la pili linahusu jasho lililo nyuma ya chakula. Jasmine Toguchi, Mochi Queen, kitabu cha Debbi Michiko Florence cha mwaka 2017, kinahusu familia ya Wamarekani wenye asili ya Japani inayokusanyika kila Mwaka Mpya kutengeneza mochi, chakula cha mchele unaotwangwa. Jasmine ana miaka 8, na mtoto haruhusiwi kusaidia kabla ya kutimiza miaka 10. Isitoshe, kutwanga ni kazi ya wanaume, na wanawake huviringa madonge. Jasmine anataka kutwanga. Sura baada ya sura anatafuta namna ya kuonesha kwamba ana nguvu za kutosha, na mwishoni anapewa nafasi.

Msomaji wa Shinyanga ataona jambo ambalo mwandishi hakuliwazia. Nyumbani kwake kinu na mchi ni vya mama na binti. Msichana wa miaka 8 haombi ruhusa ya kutwanga. Anatwanga, tena siku ya sherehe anatwanga zaidi, huku kaka yake akienda kuangalia ngoma. Kilicho haki ya kupigania kwa Jasmine ni wajibu wa kila siku kwa msichana huyu. Hivyo kitabu kile kile kinachoonekana kumkomboa msichana katika jamii moja kinaweza kusomeka kwingine kama sifa kwa kazi ambayo msichana tayari anaibeba peke yake. Hapa kutafsiri maneno hakutoshi. Kinachoweza kuhamishwa ni swali la Jasmine, yaani kwa nini kazi hii ni ya hawa na si ya wale, na huenda katika Usukuma swali hilo likaulizwa vizuri zaidi na mvulana anayetaka kushika mchi.

Fasihi ya Wasukuma yenyewe haijawahi kuitenga sherehe na kazi. Bugobogobo, ngoma mashuhuri ya jembe, inabeba kumbukumbu ya kulima kwa pamoja, na wachezaji huingia uwanjani na majembe mikononi. Ngoma za mashindano kati ya Bagika na Bagalu hufanyika baada ya mavuno, wakati mazao yamekwisha kuingia ghalani. Katika jadi hii furaha inajua imetoka wapi. Kitabu cha watoto kinachoonesha ngoma bila jembe, na sinia la wali bila aliyechota maji, kinapoteza kile ambacho jadi ilikuwa nacho tayari.

Atinuke ameliona hilo katika sura nyingine ya Anna Hibiscus. Anna anauza machungwa kwa kujifurahisha, na kumbe anawaharibia biashara wasichana maskini wanaoishi kwa kuuza machungwa. Babu yake anamfanya alipe kosa hilo kwa kuwafanyia kazi. Sura ni fupi na msamiati ni rahisi, lakini mtoto anayesoma anaelewa kwamba mchezo wa mmoja unaweza kuwa mkate wa mwingine. Mwandishi anayeweza kusema hilo kwa sentensi fupi anaweza pia kuonesha, kwa sentensi fupi, nani aliamka alfajiri kuwasha moto wa harusi.

4.3 Nani Anaondoka Baada ya Sherehe?

Harusi ndiyo sherehe yenye mvuto mkubwa zaidi kwa mwandishi wa watoto. Ina rangi, wageni, chakula na ngoma, na ukoo wote unakusanyika. Juana Medina, katika kitabu cha pili cha Juana & Lucas cha mwaka 2019, anaonesha harusi ya mama kwa macho ya binti anayeogopa mabadiliko. Hofu ya mtoto inapewa uzito, lakini bibi harusi ni mtu mzima aliyechagua mwenyewe, na baada ya sherehe mama bado yupo na mtoto wake.

Katika ukanda unaohakikiwa, sharti hilo la mwisho haliwezi kuchukuliwa kuwa limetimia. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 ulionesha kuwa asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 mkoani Shinyanga walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 37. Wakati huo Shinyanga ilijumuisha pia maeneo ambayo sasa yako Geita na Simiyu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilishikilia uamuzi huo. Mwaka 2016 pia, marekebisho ya Sheria ya Elimu yalifanya kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kuwa kosa la jinai.

Mambo haya yanagusa uhakiki wa fasihi moja kwa moja. Msomaji wa darasa la tatu anaposoma kuhusu harusi ya dada, anafahamu dada ana umri gani hata kama kitabu hakisemi; anaukisia kutokana na picha, na kutokana na dada zake mwenyewe. Ukimya wa kitabu kuhusu umri, kuhusu shule aliyosoma dada na kuhusu ridhaa yake haumwachi msomaji mahali pasipoegemea upande. Picha ya ng'ombe wa mahari wakiingia uani huku kila mtu akitabasamu ni tamko. Vivyo hivyo, kumalizia hadithi pale gari la maharusi linapoondoka ni uamuzi wa kutomfuata dada anakokwenda na kutomrudia mdogo wake anayebaki na ndoo mbili za maji badala ya moja.

Inaweza kupingwa kwamba mtoto wa miaka 8 anahitaji furaha, na kwamba kumtwisha masuala ya sheria ni kuua hamu yake ya kusoma. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu vitabu vinavyohubiri huchosha haraka. Lakini linachanganya kuhubiri na kusuka. Kuonesha kwamba dada amemaliza chuo, au kwamba aliulizwa akajibu, hakuhitaji hotuba. Kunahitaji sentensi moja katika sura ya kwanza. Sura ya mwisho kuhusu asubuhi ya kesho yake, mdogo mtu akihesabu vitanda, haiharibu harusi. Inaipa harusi uzito wake.

4.4 Silabi na Ukoo

Jambo la mwisho ni la kiisimu, na mara nyingi halionekani. Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili huanza na silabi wazi za konsonanti moja na irabu, kisha huendelea hadi silabi zenye konsonanti mbili au zaidi. Maneno baba, mama, kaka, dada, babu na bibi yanasomeka mapema. Shangazi na mjomba yanamtaka mtoto aliyekwisha kuvuka hatua hiyo, au yanafunga njia kwa mkusanyiko wa herufi. Matokeo yake ni kwamba familia ya kitabu cha kwanza inakuwa ndogo kwa sababu ya tahajia, si kwa sababu ya jamii. Hata mapacha wa Kisukuma wanajikuta wamepinduliwa: Kulwa ndiye anayezaliwa kwanza, lakini kwa sababu ya silabi yake ya mwisho, Doto ndiye anayesomeka kwanza. Majina yenye ng'w yanasubiri zaidi.

Katika vitabu vya hatua ya silabi, hali hii inaeleweka. Katika kitabu cha sura fupi haina udhuru. Msomaji amekwisha kuvuka, na sherehe ndiyo mahali ambapo shangazi, mjomba na wifi wana kazi mahususi ambazo baba na mama hawawezi kuzifanya. Hadithi ya Violet Otieno kuhusu watoto wawili wanaotoka mjini kwenda likizo kwa bibi inaonesha faida ya majina yaliyochaguliwa vizuri. Watoto hao wanaitwa Apiyo na Odongo, majina ambayo Wajaluo huwapa mapacha. Hadithi haihitaji kulieleza hilo. Anayejua anajua, na asiyejua haachwi nyuma. Kulwa, Doto na Shija, anayezaliwa baada ya mapacha, wanaweza kufanya kazi hiyo hiyo katika hadithi ya Shinyanga: jina likabeba historia ya kuzaliwa, na sentensi ikabaki fupi.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba sherehe ya familia katika vitabu vya sura fupi imerithi msuko unaoahidi kufika kwa asiyekuwepo, na kwamba msuko huo unapokelewa kwa namna tofauti pale ambapo machimbo na ndoa za mapema huwatoa watu nyumbani. Miongoni mwa matini zilizochambuliwa, Simbegwire ndiyo inayokaribia zaidi mahitaji ya msomaji wa ukanda huu, ingawa ni ya picha na wala haikuandikwa kwa ajili ya Usukuma. Sababu ni kwamba inaitenganisha karamu na kurudi kwa baba, na inamwachia mtoto neno la mwisho. Anna Hibiscus inaonesha kuwa sura fupi inaweza kubeba suala la kazi na usawa bila kupoteza furaha. Jasmine Toguchi inatoa swali zuri ambalo lazima ligeuzwe upande linapofika kwenye kinu cha Shinyanga.

Kwa wanaochagua vitabu vya ziada kwa ajili ya shule za ukanda huu, pendekezo ni kwamba kigezo cha uhalisia wa kiutamaduni kisiishie kwenye vyakula na mavazi. Kitabu chenye ngoma, pilau na ng'ombe wa mahari kinaweza kuwa kigeni kwa mtoto anayekisoma, na kitabu kisicho na hata kimoja cha vitu hivyo kikawa chake. Kwa watafiti, eneo lililo wazi zaidi ni la harusi: namna msimulizi mtoto anavyoweza kuhudhuria sherehe ya dada yake, akacheza na kula na kufurahi, kisha akaruhusiwa kuuliza alikokwenda.